Wifi Yangu, Mapadri wa Vitabuni na Kesi ya Jogoo

Siku wifi yangu alipoletwa nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, mama alikuwa ameshatoa vyombo vyote kabatini. Alijua kwamba bibi arusi wa mbali huja na sufuria zake, na hakutaka mgeni akose pa kuziweka. Wachukuzi wakapandisha makasha ngazini, mama kasimama juu akiwaonya wasichubue ukuta. Kasha la kwanza likafunguliwa: vitabu. La pili: vitabu. La tatu lilikuwa na nguo kidogo juu, na chini yake vitabu.

Mama akamgeukia ndugu yangu. "Mwanangu, huyu umemuoa, au umemuhamisha na maktaba?"

Ndugu yangu, mdogo wangu tuliyefuatana, ni fundi wa mitambo ya meli. Alikutana na mkewe Dubai, ambako mkewe alikuwa akisomesha watoto. Wifi yangu ni Mfilipino. Alilelewa katika dini ya Kikatoliki, akasilimu kwa hiari yake mwaka mmoja kabla ya ndoa, na alipofika kwetu tayari alikuwa na Kiswahili cha kuombea maji na kuagia. Kingine chote alikuja kukiokota hapa, jikoni na barazani, kama mtu anayechagua mchele.

Ndugu yangu alikaa majuma machache akarudi melini. Tukabaki wanawake watatu katika nyumba ile: mama, wifi yangu, na mimi, niliyekuwa nasomesha Kiswahili na Fasihi katika shule moja ya upili hapa kisiwani. Moyoni nilikuwa na wasiwasi. Mama ni mtu wa heshima na taratibu, na mkewe ndugu yangu alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Lakini mambo yalikwenda vizuri mapema kuliko nilivyotarajia, na sababu ya kwanza ilikuwa tunda.

Asubuhi moja mama alikuwa chini, akizungumza na mchuuzi wa matunda. Akaita, "Mwanangu, nishushie kikapu, nataka pera."

Wifi yangu alichelewa. Alipotokea hakuwa na kikapu. Alikuwa na mkoba wake, ameufungua, na uso umejaa haya. "Mama, samahani. Nilikuwa nimesahau kukupa."

"Kunipa nini?"

"Pera. Za matumizi."

Ilichukua muda kufahamu kwamba katika lugha ya kwao pera ni pesa. Mama alipoelewa alikaa ngazini. Nilidhani ameona vibaya, kumbe alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakimtikisika. Mchuuzi naye akasema kwamba hata yeye anataka pera, na hataki za mtini. Tangu siku hiyo mama alimwita "mwanangu" kwa namna nyingine, namna anavyotuita sisi tuliotoka tumboni mwake.

Pera lilizua maneno mengine. Wifi yangu aligundua kwamba tunasema meza, na kwao ni mesa. Tunasema bendera, nao wanasema bandera. Padri wetu ni pari wao. Akawa anazunguka nyumba akinyoosha kidole. Hiki mwakiitaje? Na kile? Nikamweleza kwamba maneno hayo yaliachwa na Wareno, waliokaa hapa Mvita muda mrefu mpaka wakafukuzwa. Akasema ya kwao yaliachwa na Wahispania, waliokaa zaidi ya miaka mia tatu.

"Mia tatu," mama akarudia. "Na nyinyi mlikuwa mwafanya nini?"

"Mwanzo tulipigana. Halafu tukasali. Halafu tukaandika," wifi yangu akasema, akaonyesha makasha yake.

Hapo ndipo mama alipopata hamu ya vile vitabu. Si kuvisoma, maana vingi vilikuwa Kiingereza na vingine lugha ya kwao, bali kusimuliwa. Ikawa desturi. Baada ya sala ya alasiri tuliketi ukumbini juu, dirisha limefunguliwa upande wa bahari, kahawa ya tangawizi katikati na mkate wa sinia. (Mkate wa sinia nao wifi yangu aliuonja mara ya kwanza akasema kwao huliwa asubuhi ya Krismasi, mchele na tui vile vile, na kwamba hakutegemea kuukuta Mombasa.) Yeye alisimulia kwa Kiswahili chake, na alipokwama alinitupia neno la Kiingereza nami nikalitafsiri.

Alitueleza kwamba gavana wa Kihispania alikaa mji mkuu, na watu wa mashamba hawakumwona hata siku moja. Waliyemwona ni padri. Padri alijua nani kazaliwa na nani kafa, nani alikosa misa, binti wa nani anaposwa na nani. Mashirika ya mapadri yalimiliki mashamba makubwa, na mkulima aliyelima ardhi ya babu yake aliambiwa yeye ni mpangaji. Padri alibatiza, alioza, alizika, na kote huko alilipwa. Mtu akilalamika, aliambiwa amemkosea Mungu.

Kisha wakatokea vijana waliopelekwa Ulaya kusoma. Wakajifunza lugha ya mtawala mpaka wakaimudu kuliko wengi wa watawala wenyewe. Wakiwa katika vyumba vya baridi, mbali na kwao, wakaandika riwaya za miji midogo waliyozaliwa.

"Waliandika kuwa Wahispania ni wabaya?" mama akauliza.

"Hapana, Mama. Waliandika nani humpisha nani njiani. Nani huvua kofia kwanza. Nani huitwa mwizi kabla hakijaibiwa kitu. Mtu akisoma anacheka, halafu akifika mwisho wa ukurasa hacheki tena."

Mimi kama mwalimu wa fasihi nilitega sikio. Nilikuwa nimesoma kidogo juu ya riwaya hizo chuoni, mistari michache katika kitabu cha historia: zilipigwa marufuku, ziliingizwa nchini kwa kufichwa, na miongoni mwa waliozitunga na waliozisoma wamo waliofungwa na waliouawa. Lakini sikuwahi kumsikia mtu akizisimulia kama mambo ya jirani. Wifi yangu alizisimulia hivyo hasa. Alijua kila padri wa kila riwaya alivyotembea, alivyokohoa, alivyokunja kanzu akipita kwenye tope. Na mama alizipokea kama habari za mtaa.

"Huyo padri mwenye sauti nyembamba, mwambieni yule msichana asimwendee peke yake," alisema siku moja, akiwa ameacha kikombe njiani kuelekea kinywani.

"Mama, ni kitabu," nikamwambia.

"Najua ni kitabu. Mwambieni."

Siku nyingine wifi yangu akatusimulia ya nyuma zaidi, kabla ya hao wa Ulaya. Wakati ambapo kila kitabu kilipita mikononi mwa mapadri kabla ya kuchapwa, washairi wa kwao walitunga tenzi ndefu za wafalme wa nchi za mbali: mfalme dhalimu, wana wa haki waliofungwa, mji unaolia. Mkaguzi akisoma anaona hadithi ya mapenzi ya huko ng'ambo. Mkulima akisomewa anajua kwamba mji unaolia ni wake.

"Hiyo ni fumbo tu," mama akasema, bila kushangaa hata kidogo. "Hapa Mvita watu wakiambiana hivyo. Wamsifu mtu mashua yake, naye ajua wamtukana babake."

Wifi yangu aliangua kicheko, nami nikajikuta nawaza darasa langu. Wiki hiyo hiyo niliwafundisha wanafunzi mashairi ya mafumbo ya Mvita, nikawaeleza na ya upande wa pili wa dunia, watu wawili wasiojuana wakitumia ujanja mmoja. Sijawahi kuwaona wakikaa kimya vile kipindi cha baada ya chakula cha mchana.

Ilibaki siku moja isiyopendeza, na siifichi. Wifi yangu alitusimulia mchezo wa jukwaani uliochezwa kijijini kwao kila mwaka sikukuu ya mtakatifu wao. Ni mchezo wa zamani, uliopandwa na Wahispania: mfalme wa Kikristo na mfalme wa Kiislamu wanapigana kwa panga za mbao, ngoma zinalia, watu wamevaa manyoya na vioo vya kung'ara. Alieleza kwa furaha, akasimama akaonyesha miguu inavyopigwa. Mwisho wa mchezo ni mmoja siku zote. Waislamu hushindwa, na mfalme wao hubatizwa.

Akaacha kupiga miguu. Nadhani alisikia maneno yake mwenyewe baada ya kuyatamka, katika nyumba ile, mbele ya mama aliyevaa buibui lake tayari kwa magharibi.

Mama aliweka kikombe. "Nakwenda kutawadha," akasema, akaondoka.

Wifi yangu alikaa chini akajishika mashavu. "Nilikuwa mtoto," akaniambia kwa Kiingereza. "Nilikuwa napenda zile nguo. Sikuwahi kufikiria ni nani wale waliokuwa wakishindwa."

Nikamwambia mama hana kinyongo, ingawa sikuwa na hakika. Kesho yake, alasiri, mama akaja ukumbini kama kawaida, akajimiminia kahawa.

"Nimewaza ule mchezo wenu," akasema. "Katika mchezo wote huo, hapana mtu hata mmoja mwenye akili?"

Wifi yangu akafikiri. "Yupo mmoja. Mcheshi. Hana upande. Huzunguka jukwaani akiwakejeli wafalme wote wawili, na wakubwa waliokaa mbele, na padri pia. Wengine wanasema mashairi yaliyokaririwa. Yeye husema yake, kwa lugha ya watu."

"Na yeye hubatizwa?"

"Hapana. Yeye hana wa kumshika."

"Haya," mama akasema. "Huyo ndiye wenu. Hao wengine ni wa Mhispania."

Nilipenda jibu hilo kuliko nilivyomwambia. Wifi yangu alilichukua akaenda nalo, nikamwona siku kadhaa akitembea huku midomo inacheza.

Jumamosi moja tukampeleka Ngome ya Yesu. Sisi wenyeji hatuingii sana. Tunaipita kila siku kama mtu anavyopita jirani asiyemsalimia. Tulikuwa wanne, kwani alikuja pia shoga yangu, mwalimu mwenzangu wa hesabu, Mkristo ambaye kwao ni Rabai na ambaye tumekula na kulia pamoja tangu tulipoajiriwa. Kijana wa kutembeza wageni alituona na mgeni akatuchukua, akaanza maelezo yake ya kila siku: kuta, mizinga, visima, na mfalme aliyeamuru ngome ijengwe. Akalitaja jina la mfalme.

Wifi yangu akasimama. "Rudia jina hilo."

Kijana akarudia, akaongeza kwamba wakati huo mfalme wa Wareno alikuwa ndiye mfalme wa Wahispania pia, taji mbili kichwa kimoja.

"Basi ni yeye," wifi yangu akasema. "Nchi yetu inaitwa kwa jina lake. Walitupa jina hilo yeye angali mwana wa mfalme, hajakalia kiti." Akaugusa ule ukuta wa matumbawe kwa kiganja. "Nimetoka mbali hivyo, nimekuja kumkuta hapa."

"Basi nyinyi ni ndugu zetu wa kambo," shoga yangu akasema. "Baba mmoja mbaya."

Tulicheka mpaka watalii wakatugeukia. Ndani, tukiwa pale palipokuwa kanisa la Wareno, nikakumbuka kitu ambacho huwaeleza wanafunzi kila mwaka bila wao kukijali. Nikamwambia wifi yangu kwamba neno letu gereza, mahali pa kufungia watu, limetokana na neno la Kireno la kanisa. Wareno waliita hivi sehemu yao ya kusalia, na ngome yenyewe baadaye ikafanywa jela, na sisi katika kuzunguka huko tukabaki na neno moja.

Alinitazama kana kwamba nimemfanyia mzaha. "Kanisa lilikuja kuwa jela? Katika lugha yenu? Neno lile lile?"

"Neno lile lile."

Akakaa juu ya jiwe. Machozi ya kucheka yakamtoka. "Waandishi wetu walihangaika miaka. Riwaya nzima, kurasa mia tano, wakahamishwa, wakafungwa, ili waseme jambo hilo. Nyinyi mmelisema kwa neno moja na hamkujua."

Nilimtazama shoga yangu, nikahofu kwamba maneno yale yamemkera, maana kanisa ni lake. Akaona macho yangu. "Usiniangalie hivyo," akasema. "Hao waandishi wenyewe si walikuwa Wakristo?"

"Wengi," wifi yangu akajibu.

"Basi. Mtu akimsema padri mwizi hajamsema Mungu. Anayemtetea mwizi ndiye anayemsema Mungu."

Ikawa miezi michache baadaye binti wa dada yangu mkubwa anaolewa. Katika shughuli za wanawake kuna alasiri moja ya kucheka tu, milango imefungwa, simu zimekusanywa mlangoni ndani ya kikapu, wanaume hawakanyagi. Huimbwa, huchezwa, watu huigana. Mpwa wangu huyo, ambaye alikuwa akija alasiri nyingine kusikiliza hadithi, akaomba wifi yangu atuchezee kitu cha kwao.

"Hakuna padri wa kitabu chochote," wifi yangu akatuambia jikoni. "Nitatunga mwenyewe, kwa mtindo wa kwetu." Na akatunga. Kijijini kuna mjane mwenye jogoo. Jogoo huwika kabla ya kengele ya kanisa, na watu huamka kwa jogoo badala ya kuamka kwa kengele. Padri anakasirika: jogoo amemtangulia Mungu. Gavana anakasirika: jogoo amemtangulia mfalme. Jogoo anakamatwa na kushtakiwa, na mjane hana wakili ila mcheshi wa kijiji.

Mimi nikapewa mcheshi, kwa kuwa ni mwalimu na naweza kukariri. Wifi yangu alikuwa gavana. Mjane alikuwa jirani yetu mmoja mwenye kipaji cha kulia apendapo. Kwa padri ndipo tulipokwama. Wanawake wote walisitasita; kumwigiza padri mbele ya watu, na Wakristo ni majirani na marafiki, waliona haifai. Shoga yangu alikuwa akimenya viazi. Akasema, bila kuinua kichwa, "Nani anayewajua mapadri hapa kama si mimi? Nipeni kanzu na mto wa kitanda."

Basi alasiri ile ukumbi ulijaa. Harufu ya udi na asumini, wanawake wamekaa chini mpaka kwenye ngazi, bibi arusi na hina yake mikononi asiweze kushika kitu. Shoga yangu akaingia na kanzu ya ndugu yangu, mto tumboni, kamba ya kuanikia nguo imefungwa kiunoni. Alitembea kwa namna ambayo wifi yangu alikuwa ametusimulia juu ya wale wa vitabuni, akikunja kanzu akipita juu ya miguu ya watu kama anavuka tope. Kabla hajasema neno, ukumbi ulikuwa umekwisha kwa kicheko.

Jogoo alikuwa wa kweli, ametoka kwa jirani. Alifungwa mguu kwenye kiti. Padri akamsomea mashtaka. Gavana, mwenye kofia ya kadibodi na shungi la manyoya ya kufagilia vumbi, akauliza kama mshtakiwa anakiri. Jogoo akanyamaza, akawatazama kwa jicho moja. Wanawake wakapiga vigelegele.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama, nikafungua kinywa, na maneno yote yakanipotea. Naliona tu lile jicho la jogoo. Nikasema, "Mheshimiwa," nikarudia "Mheshimiwa," na ukumbi ukasubiri. Wifi yangu chini ya kofia alianza kutikisa kichwa polepole, akinipa neno la kwanza kwa midomo, nami sikulisoma.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kiti cha wazee, upande wa dirisha.

"Mheshimiwa, mimi ni mamake wakili. Wakili amepotewa na kauli. Niwie radhi nimsemee."

Mama alikuwa amesimama. Mama, ambaye kwenye shughuli hukaa na wakubwa wenzake, akila kidogo na kuondoka mapema. Akajitupia leso begani, akaja mpaka katikati, akasimama karibu na jogoo.

"Jogoo huyu," akasema, "ashtakiwa kuwa amemtangulia mfalme. Nauliza: mfalme yuko wapi?"

"Ng'ambo," gavana akajibu, akijitahidi asicheke.

"Ng'ambo ya wapi?"

"Mbali sana, bibi. Miezi baharini."

"Haya. Basi mfalme akiamka huko, hapa kumekucha zamani. Si jogoo aliyemtangulia. Ni jua. Likamateni jua."

Sijui kama umewahi kusikia wanawake wa Kibokoni wakicheka wote kwa mara moja ndani ya nyumba ya mawe. Dari lilitetema. Shoga yangu, ambaye hakuandaliwa kwa hili, alishikilia mto wake na kusema kwa ukali kwamba mshtakiwa lazima apelekwe gerezani hata hivyo, kwa ajili ya roho yake.

Mama akamgeukia taratibu. "Gereza, baba padri? Gereza lipi? La kusali au la kufungwa? Maana sisi huku mlituletea moja tukalipokea kama jingine, na mpaka leo hatujajua tofauti."

Shoga yangu ndiye wa kwanza kuvunjika. Alikaa chini, kanzu na mto na vyote, akacheka mpaka kamba ikamfunguka. Gavana akavua kofia akajipepea nayo. Mjane akasahau kulia. Na yule jogoo, aliyekuwa kimya muda wote, akachagua saa hiyo kuwika. Kesi ikafungwa, kwa kuwa hakuna aliyebaki na pumzi ya kuiendesha. Mpwa wangu alikuwa akilia kwa kicheko na hawezi kujifuta kwa sababu ya hina. Shangazi yake mmoja akamfutia kwa ncha ya mtandio.

Baadaye, wageni wakila, nilimkuta mama jikoni amejiegemeza kwenye mlango.

"Ulijua tangu lini kwamba utasimama?" nikamuuliza.

"Sikujua. Nilikuona umesimama kama nguzo, nikasema huyu atatutia aibu." Akaniangalia, akatabasamu. "Na mimi nafasi hiyo ya mcheshi nilikuwa naitaka tangu siku ile wifi yako aliponambia kuna mtu asiyebatizwa."

Kesho yake adhuhuri wifi yangu akampigia mamake simu, ile ya kuonana sura. Huko kwao jua lilikuwa linatua. Mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe fupi alikaa kwenye ubaraza wa mbao, na nyuma yake migomba. Wifi yangu akamsimulia kesi yote kwa lugha yao. Tulimsikia akitaja gavana, padri, na sisi wengine tukabahatisha palipobaki kwa kumtazama yule mzee usoni. Alipofika mahali pa jua, akamvuta mama mbele ya simu.

Mama hakujua neno la kwao, wala yule mzee hakujua letu. Mama akajitupia leso begani, akanyoosha kidole angani, akasema kwa Kiswahili, "Likamateni jua." Binti akatafsiri. Yule mzee alijipiga paja, akainama, akapotea kwenye kioo, tukabaki tunaona migomba tu na tunasikia kicheko chake. Aliporudi alikuwa anajifuta macho, akasema neno moja, akalirudia: salamat, salamat.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema ahsante," wifi yangu akajibu.

Lakini mama alikuwa ameshalisikia kwa masikio yake mwenyewe. "Salama, dada yangu," akamwambia yule mzee, akisogea karibu na simu kama mtu anayeongea dirishani. "Sisi hapa tu salama. Mwanao mzima, ala, acheka. Na wewe, u hali gani?"